Si kila atrazini iliyoshindwa ni feki

Mhariri,

Mkulima wa mahindi akinunua atrazini, dawa ya kuua magugu, Kariakoo, kisha magugu yakarudi mapema, husema kauziwa feki. Feki zipo, hatukatai. Ila atrazini ina balaa lake: bakteria wa udongoni wanaila.

Molekuli yake ina atomu 5 za nitrojeni, na kwenye udongo uliochoka hicho ni chakula. Kimeng'enya cha bakteria kiitwacho AtzA, yaani protini inayovunja kemikali, huanza kwa kung'oa klorini ya atrazini. Nduguye, TriA, hushughulikia melamini, kemikali ya sahani za plastiki ngumu. Kati ya asidi amino 475, yaani matofali ya protini, wanatofautiana 9 tu, na hizo 9 zinatosha kubadili mlo. Jeni za kutengeneza AtzA hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine, kama majirani wanavyopeana chumvi. Ndiyo maana shamba linalopuliziwa kila msimu huimaliza dawa ndani ya siku chache badala ya wiki.

Pima kwanza. Jaza makopo 2: udongo wako, na wa jirani asiyetumia atrazini. Pulizia dawa ileile kwa kipimo kilekile, tunza unyevu wiki 2, halafu panda maharage. Yakistawi kwako na kuungua kwa jirani, kosa si la chupa. Kuongeza kipimo ni kuwaongezea bakteria chakula. Badili kundi la dawa, na simazini usiiguse, ni ukoo uleule. Yakistawi makopo yote mawili, hapo rudi dukani na risiti.

Wataalamu wa udongo,
Dar es Salaam