Mama akiruhusiwa, apewe na nakala ya faili la leba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee kina mama wanaotoka leba wakiwa hai lakini wameumia.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua kubwa, na waliohangaika wapewe pongezi zao. Ila mama akifariki, hospitali hutakiwa kuitisha kikao: alifika saa ngapi, nani alimpokea, damu ilikuwepo? Aliyechanika hadi njia ya haja kubwa, au aliyekatwa kibofu kwenye upasuaji, haitishiwi kikao. Anaingia kwenye hesabu ya waliojifungua salama.

Wifi yangu alijifungua katika hospitali moja ya hapa jijini baada ya uchungu wa muda mrefu mno. Karatasi yake ya ruhusa iliandikwa "mama na mtoto wanaendelea vizuri", na wakati huo alikuwa ameshalowa mkojo. Aliambiwa kibofu kimechoka tu, kitarudi. Huku Mbagala akawa anachana khanga kuukuu vipande vipande, anavikunja, na kila akiinuka anageuka kwanza kuangalia kiti. Kwenye daladala aliacha kabisa kukaa. Konda akimwonyesha siti, anasema anashuka hapo mbele.

Ilikuwa fistula. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu, hubana nyama za njia ya uzazi na kibofu kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa na kuacha tundu. Tundu dogo likigunduliwa mapema, mpira wa mkojo ukiachwa kwa wiki kadhaa unaweza kulifunga bila kisu. Kwa hiyo anayemwambia mama "ni kawaida" anampotezea nafasi hiyo ya tiba. Tunashukuru kwamba hospitali ya CCBRT pale Msasani hutibu fistula bure, na wagonjwa wa mikoani hutumiwa hadi nauli kwa simu. Huko ndiko alikopona.

Tabu ilianza tulipotaka kujua kilichotokea. Mara faili ni mali ya hospitali, mara halionekani, mara mwenye funguo yuko likizo.

Watu husema "nendeni mahakamani" kana kwamba ni kwenda sokoni. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo. Kama hospitali ni ya serikali, unatoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha kesi inaenda Mahakama Kuu. Na huko kuumia peke yake hakutoshi. Uthibitishe kwamba aliyekuhudumia alifanya chini ya kile ambacho mwenzake mwenye ujuzi angefanya, na kwamba hicho ndicho kilichokuumiza. Baraza la Madaktari Tanganyika linapokea malalamiko, na linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kumfuta, lakini fidia halitoi. Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa manesi ni hivyo hivyo.

Kote huko utaulizwa kilichoandikwa usiku ule. Kipo kwenye patografu, ile chati ya leba: njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa, daktari aliitwa saa ngapi. Ukiwa mjamzito kadi ya kliniki unatembea nayo mwenyewe, hadi uipoteze. Ukishajifungua, karatasi zenye ushahidi zinabaki kwenye kabati la anayelalamikiwa. Kwangu mimi hapo ndipo haki inapofia, mapema kabla ya wakili kutajwa.

Naiomba Wizara ya Afya iagize kila mama anaporuhusiwa apewe nakala ya patografu yake, na ya maelezo ya upasuaji kama alipasuliwa. Fotokopi ya kurasa chache haifiki hata nauli ya daladala.

Najua wapo watakaosema manesi wataogopa na kuanza kukimbia leba. Nesi mmoja mwenye wazazi kumi usiku kucha simlaumu, na kisheria mwajiri ndiye hubeba kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Chati iliyojazwa vizuri ndiyo kinga yake, maana itaonyesha kwamba alimwita daktari saa nane na daktari akaja alfajiri. Anayeiogopa ni yule anayeijaza asubuhi kwa kukisia, na wapo.

Kwa ambao miaka yao 3 haijaisha, ombeni faili kwa barua, si kwa mdomo. Pelekeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiye na uwezo anaweza kusaidiwa bila malipo, na kwa wanawake, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wako hapa hapa Dar. Nendeni na karatasi zote mlizonazo, hata risiti za pedi.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam