Barua ya wazi kwa vijana wa Bukavu wanaosomea ujenzi

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alinitembelea nyumbani, akaniuliza: "Papa, tukimaliza lisansi, ile digrii ya kwanza ya miaka mitatu, tutakuwa tumejua kujenga?" Nikamjibu hapana. Akaaga amenuna. Nawaandikia ninyi nyote, maana jibu lile lilikuwa fupi mno.

Miaka mitatu inawatosha kujifunza hesabu, kusoma michoro, na kuelewa kwa nini beto, yaani zege, hustahimili kugandamizwa lakini hukatika ikivutwa, ndiyo maana tunaitia vyuma. Hayo walimu wenu wanayajua kuliko mimi. Langu ni moja: someni mpaka mjue swali gani ni lenu kuuliza.

Nilipokuwa kijana nilisimamia ukuta wa kuzuia udongo huko Kadutu, kwenye kiwanja cha mteremko, kimo chake mita 3. Msukumo wa udongo niliukokotoa vizuri. Fundi mmoja mzee, mtu ambaye hakumaliza shule ya msingi, akauliza: "Na maji yatapitia wapi?" Nikamwambia aendelee kukoroga simenti. Mvua zikaja. Ukuta ukatoa tumbo kama mama mjamzito, na usiku wa tatu ukalala juu ya jiko la jirani. Bahati, watu walikuwa wamelala nyumba kubwa.

Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 3 huusukuma kwa karibu tani 4.5 kwa kila mita moja ya urefu wake. Kanuni hiyo ilikuwa kwenye daftari langu la mwaka wa pili, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Vipande vichache vya bomba na kokoto nyuma yake vingetosha kuyatoa maji.

Wenzenu wa Goma wanajenga juu ya mawe ya lava; shida yao ni kuchimba hata shimo la choo. Sisi tuna udongo wa mfinyanzi, ukikauka unapasuka, ukinywa maji unateleza na nyumba zake. Tena ardhi yenyewe hutikisika: waulizeni wazazi wenu habari za tarehe 3 Februari 2008. Kitabu kilichoandikwa Ufaransa hakiujui mlima wenu. Uchukueni udongo mkononi, mwuloweshe, mwuviringishe, mwone unavyonata, kabla ya kufungua kompyuta.

Halafu kuna ndoo ya maji. Kijana anahesabu mifuko 7 ya simenti ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo wa beto, anaridhika, anaenda kupiga simu. Nyuma yake wanaongeza maji ili beto imwagike kirahisi, na nguvu ya ile beto inapotea hapo hapo, kimya kimya. Nguvu hiyo tunaipima siku ya 28 baada ya kumwaga, wakati ghorofa limeshapanda. Kumzuia fundi bila kumvunjia heshima mbele ya vibarua wake ni somo zima, na sijaona chuo kinachoitolea mtihani. Kumkatalia mwenye nyumba anayetaka upunguze vyuma ni gumu zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayekulipa.

Jumamosi asubuhi tunachimba msingi Bagira, karibu na nyumbani kwangu. Njooni. Yule aliyeondoka amenuna aje naye, avae buti, na koleo nitampa.

Papa yenu, msimamizi mstaafu wa ujenzi