"Meat" ya mwaka 1611 si nyama

Mhariri,

Katika mahubiri na vijitabu vya dini vinavyofasiriwa kutoka Kiingereza cha zamani, hujitokeza "sadaka ya nyama" ya Walawi 2. Ukiisoma sura yenyewe, sadaka hiyo ni unga mwembamba, mafuta na ubani. Nyama imetoka wapi?

Imetoka kwenye neno "meat". Zamani lilikuwa na maana ya chakula chochote. Ndiyo maana Mwanzo 1:29, katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, inawapa watu mimea na matunda yawe "meat" yao. Maana ya nyama ilianza kujitokeza karibu na mwaka 1300, na zote mbili zikaishi pamoja kwa karne kadhaa. Nyama yenyewe waliiita "flesh". Tazama 1 Wakorintho 8:13, yenye maneno yote mawili katika aya moja. Biblia ya Kiswahili ya Union imeyatenganisha barabara: chakula kikimkwaza ndugu yangu, sitakula nyama. Na katika Luka 24 Yesu anaomba "meat", anapewa samaki, wala hakuna anayeshangaa.

Sisi tusicheke sana. Kwa Watanzania wengi, "mboga" ya kulia ugali yaweza kuwa dagaa, hata nyama ya ng'ombe.

Kosa huanzia kwenye kamusi. Kamusi nyingi za kawaida hutanguliza maana inayotumika zaidi leo, na mfasiri mwenye haraka huchukua namba moja. Kamusi kubwa ya Oxford, ile ya juzuu nyingi, hufuata historia na kutoa mifano yenye tarehe. Basi ujue kwanza matini ni ya mwaka gani, ndipo uchague maana yenye mifano ya wakati huo. Kisha linganisha na Union, au na tafsiri mpya zaidi za Kiingereza: Revised Version ya 1885 ilikwisha kuandika "meal offering", sadaka ya unga.

Jihadhari pia na maneno ambatani. "Sweetmeat" ni kitu kitamu cha sukari, hakina nyama hata chembe.

Na aliyemaliza "meat" aikague "prevent" katika 1 Wathesalonike 4:15. Hapo ni kutangulia, si kuzuia.

Mfasiri,
Dodoma