Barua kwa wifi yangu aliyestaafu mwaka huu

Wifi yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu jambo ulilonieleza linawasumbua wanawake wengi wa rika letu, na wengi wao hawana wa kumweleza. Umestaafu utumishi wa serikali ulipotimiza miaka 60, kama sheria inavyotaka, na haukupita muda umoja wa wanawake wa usharika ukamchagua mwenyekiti mwingine, mama kijana ambaye wewe mwenyewe ulimfundisha kipaimara. Tangu hapo unasema umekuwa mtu wa benchi la nyuma.

Kuhusu swali lako la kupaka mvi rangi sina mengi. Mithali 16:31 inakiita kichwa chenye mvi taji ya utukufu, lakini sijaona mahali Maandiko yanapomhukumu mwanamke aliyepaka piko, hata kama wahubiri wengine hulikalia sana jambo hilo. Ninachokukataza ni mkorogo wa kung'arisha ngozi, kwa kuwa zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huharibu figo.

Uchungu wako ndio ninaotaka tuuzungumze. Naomi aliporudi Bethlehemu akiwa amefiwa na mume na wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji wamwite Mara, maana Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Wala hatusomi kwamba kuna aliyemkemea. Kwa hiyo lalamika, wifi, mbele za Mungu na hata mbele yangu. Ila tazama alichofanya baada ya hapo: alimwelekeza mkwewe Ruthu hatua kwa hatua katika desturi za watu asiowajua, na Ruthu alipozaa mtoto, Naomi ndiye aliyempakata kifuani akawa mlezi wake. Hakurudishiwa alichopoteza, bali alipata kazi ambayo mwanamke kijana asingeiweza.

Paulo naye, anapomwandikia Tito kuhusu wanawake wazee, anawaonya wasiwe wasingiziaji, kisha papo hapo anawaagiza wawafundishe wanawake vijana. Naamini mambo hayo mawili hayakukaa pamoja kwa bahati, kwa sababu mama mwenye uzoefu wa miaka mingi asipopata wa kumfundisha, ni rahisi sana akatafuta wa kumsengenya. Umewaona, nami nimewaona, viongozi wa zamani wanaokaa kimya kikaoni huku hesabu za mnada zikikosewa mbele ya macho yao, halafu wakifika getini wanacheka. Hao wamezeeka vibaya, hata kama magoti yao bado yanapanda ngazi za kanisa bila kuuma.

Siku ya Maombi ya Dunia huwa Ijumaa ya kwanza ya Machi, na maandalizi yake unayajua kuliko mtu yeyote usharikani. Mwenyekiti mpya anakuogopa, ameniambia hivyo. Usisubiri aje kwako. Mfuate baada ya ibada ya kwanza, umkabidhi lile daftari la michango ambalo bado liko kabatini kwako, umwonyeshe ni mitaa gani huchelewa kuleta fedha na ni wazee gani wa kanisa wa kuwapigia simu mapema. Akipanga tofauti na ulivyokuwa ukipanga wewe, mwache apange. Na umweleze, tafadhali, sufuria kubwa za umoja ziko kwa nani, maana nasikia zinatafutwa tangu Pasaka.

Wifi yako akupendaye