Barua ya Malalamiko: Mashine ya Vidole Yasema Sikuja Kazini

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,
Nairobi.

KUH: KUKATWA MSHAHARA WA SIKU NNE, NA KAMERA YA USO

Bwana Meneja,

Nimekuwa mfanyakazi wenu wa usafi kwa miaka sita. Mwezi uliopita mlinikata mshahara wa siku nne mkisema sikufika kazini. Nilifika. Mlinzi alinifungulia lango, na orofa ya tatu niliipiga deki mimi. Mashine ilikataa kidole changu, basi, na msimamizi akanijibu: "Mama, mashine haidanganyi."

Sabuni kali na jik hula ngozi. Mistari ya vidole hufifia hadi mashine haioni kitu. Waashi nao wanalijua jambo hili. Kwa hivyo anayeadhibiwa ni yule ambaye mikono yake imefanya kazi zaidi. Kila asubuhi najipaka mafuta, nafuta kidole kwa leso, najaribu kingine, huku foleni ikinung'unika nyuma yangu. Naaibika mbele ya vijana ambao niliwafundisha kazi.

Kisha mkaleta kamera ya uso. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa uso: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi moja ilikosea hadi asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Yenu ilijaribiwa kwa nyuso za nani?

Lakini linaloniuma zaidi ni kamera ya pili, ile ya ujia wa kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Hapo ndipo tulipokuwa tukichangiana mwenzetu akifiwa, na kupeana habari za chama cha wafanyakazi. Tangu msimamizi amuulize mwenzangu walichozungumza na fulani kwa dakika kumi na mbili, watu hupitana kimya. Juzi mmoja wetu alifiwa na mamake. Mchango tuliufanya kwa simu, mmoja mmoja, kwa kujificha, kana kwamba tunauza magendo. Hakuna aliyemshika mkono pale kazini.

Mtasema tulikubali. Tuliambiwa asiyeweka kidole asingoje mshahara. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za mboni za macho ilizokusanya Kenya, kwa kuwa, pamoja na makosa mengine, idhini ya watu ilipatikana kwa kuwashawishi na malipo. Ikiwa kishawishi kinabatilisha idhini, vitisho je?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inanipa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake. Nirudishieni siku zangu nne. Rudisheni kitabu cha sahihi langoni kwa ye yote ambaye vidole vyake havisomeki, na muitoe kamera ya ujia. Pia nataka kujua kwa maandishi nani anazihifadhi alama zetu za vidole, na kama za wenzetu walioacha kazi mwaka jana zimefutwa.

Nisipopata jibu kwa siku 14, nitampelekea Kamishna wa Data malalamiko haya.

Mfanyakazi wenu,
Zamu ya asubuhi, orofa ya tatu.

Nakala: Chama cha wafanyakazi.