Mwalimu wa mitandao atahiniwe kwa kebo halisi

Mhariri,

Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya Kenya ya 2013 iliipa TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo, jukumu la kusajili na kuwapa leseni wakufunzi wa vyuo vya ufundi. Anayetaka kufundisha CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta, chini ya mpango wa kampuni ya Cisco ana kozi tatu za kupitia pia, pamoja na mitihani yake. Sina ugomvi na ngazi hizo. Ninachopinga ni mafunzo ya walimu yanayoanzia na kuishia kwenye Packet Tracer, programu inayoiga mtandao kwenye kompyuta.

Programu hiyo ni nzuri kwa kuzoea amri za ruta na swichi (vifaa vinavyounganisha mitandao na kompyuta), tena hailipiwi. Lakini kebo yake haibanwi vibaya kwenye plagi hata siku moja, na ya darasani hubanwa vibaya kila wiki. Kosa sugu ni kupanga nyaya nane kwa kufuata rangi: jozi ya chungwa, ya kijani, ya buluu, kisha ya kahawia. Hupendeza machoni. Testa ya taa huwaka moja hadi nane bila kuruka, mwalimu akatia alama ya vyema. Kumbe pini ya 3 na ya 6, zinazotakiwa kuwa jozi moja iliyosokotwa, zimetoka katika jozi mbili tofauti, na mawimbi yanaingiliana. Testa ile hupima tu kama waya umefika upande wa pili. Kebo ya mita 2 huenda ikafanya kazi. Ya mita 40 itasuasua, na swichi isiyo na hatia ndiyo itakayolaumiwa. Katika T568B, mpango sanifu wa kupanga nyaya, nyeupe-kijani hukaa pini ya 3, buluu na nyeupe-buluu zikapita katikati, kijani ikakaa ya 6. Msokoto nao usifunguliwe zaidi ya milimita 13.

Kuna pia kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Anayeenda Luthuli Avenue kununulia chuo boksi la mita 305 aukwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa: weupe ukitokea chini ya wekundu, arudishe. Alumini hukatika upesi ikikunjwa, na kamera inayopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo huweza kuzimika ikiwa mbali.

Napendekeza mtihani wa mezani kabla ya mwalimu kupewa idhini ya kufundisha. Meza moja, ruta mbili, swichi mbili, kompyuta tatu, na hitilafu tatu alizotega mtahini. Ya kwanza iwe kebo iliyopangwa kwa rangi niliyoeleza. Ya pili, kompyuta yenye anwani 192.168.10.70 iliyowekewa barakoa (namba inayoonyesha mipaka ya mtandao) ya /26 badala ya /24: itaongea na jirani ambaye anwani yake inaishia .80 lakini haitalifikia lango, yaani ruta ya kutokea nje, lililo .1, kwa kuwa kwake mtandao unaanzia .64 na kuishia .127. Ya tatu, ruta ndogo ya nyumbani iliyochomekwa kwenye swichi kupitia tundu la LAN (la mtandao wa ndani), ikaanza kuzigawia kompyuta anwani zake zisizo sahihi. Nusu ya darasa inapata intaneti, nusu haipati, na ukiwasha upya kompyuta hali inabadilika. Dakika 90 zinatosha.

Kisha aonekane akifundisha dakika 20 mbele ya wanafunzi. Wengi wanaojua kazi huanguka hapa: mwanafunzi akikwama, mwalimu humpokonya kibodi na kurekebisha mwenyewe. Anayestahili idhini humuuliza taa ya tundu inawaka au la, halafu anwani ni ipi, halafu lango linajibu au la, huku mikono yake ikiwa mfukoni.

Vifaa havina haja ya kuwa vipya. Swichi za gigabiti zinazokubali VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), zilizokwisha kutumika ofisini, zinatosha kabisa. Cheti cha CCNA hudumu miaka 3. Mtihani wa mezani nao urudiwe kwa muda huo huo, na anayetahini asiwe yule aliyemfundisha mwalimu huyo.

Mkufunzi wa mitandao,
Nairobi