Mlisema kiangazi kitakuwa kikavu, mbona mvua imenyesha?

Utabiri wa msimu ukishatangazwa, simu zetu hazipumziki. Msimu ukiisha zinalia tena, ila safari hii ni lawama: "Mlituambia kutakuwa na ukame, nikafungiwa mfumo wa umwagiliaji wa matone, mvua ikanyesha. Mmenila hela." Hivi karibuni mteja mmoja ameyasema hayo kwa uchungu mkubwa, na hayuko peke yake. Kazi yetu ni kufunga mifumo ya umwagiliaji. Hatuuzi hofu ya ukame, kwa hiyo tumeona tulijibu jambo hili wazi.

Tuanze na utabiri wenyewe. Wataalamu wa hali ya hewa huchukua rekodi za mvua za miaka 30, na wengi sasa wanatumia 1991 hadi 2020. Wanaipanga misimu hiyo kuanzia mkavu kabisa hadi ule wa mvua nyingi, kisha wanaigawa mafungu matatu: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Dalili zikionekana, hasa joto la maji ya Pasifiki kwenye ikweta, yanakotokea El Niño (yakipata joto kuliko kawaida) na La Niña (yakipoa kuliko kawaida), nafasi hizo zinasogezwa. Tuseme wametoa 45 kwa chini ya wastani, 33 kwa wastani na 22 kwa juu ya wastani. Mtaani habari inafika ikiwa neno moja tu: ukame. Jumlisha mwenyewe: nafasi 55 kati ya 100 ni kwamba msimu hautakuwa kwenye lile fungu kavu. Mvua ikinyesha, hakuna aliyekudanganya.

Halafu hiyo ni picha ya eneo kubwa kwa miezi mitatu. Haisemi lolote kuhusu shamba lako Jumanne ijayo. Kwa hilo unahitaji utabiri wa siku chache, na huo nao ukishapita wiki moja unaanza kulegea. Ukivuka wiki mbili, usiupangie kazi.

Sasa turudi kwa yule mteja. Jumla ya mvua yake ilikaribia wastani, hilo ni kweli. Lakini karibu yote ilishuka kwa dhoruba mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni, na katikati jua likawaka bila huruma. Tulikwenda tukasoma naye mita ya maji. Mfumo alioita hasara ulikuwa umefanya kazi karibu kila usiku katika kipindi hicho cha kati, na mazao yake yalikuwa yamesimama. Mmea haunywi wastani wa msimu. Unakunywa leo, na kesho unataka tena.

Ndiyo maana hesabu zetu tunazipigia wiki ya joto kali kuliko zote, na ndiyo maana mfumo wetu unaonekana ghali kuliko wa jirani. Katika siku za joto kavu lenye upepo, shamba lililofunikwa na mazao linaweza kupoteza milimita 7 au 8 za maji kwa siku. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mita za mraba 1,000 zinataka lita 7,000 hadi 8,000, kila siku. Na ukavu huzidisha joto. Udongo ukiwa na unyevu, sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ukikauka, nguvu hiyohiyo inapasha hewa. Ulaya waliliona hilo mwaka 2003, pale miezi mikavu ilipotangulia joto lililoua maelfu ya watu.

Njia ya mkato tunayokutana nayo mara nyingi ni kufunga valvu mara tu manyunyu yanapopita. Tuliitwa kwa mteja aliyefanya hivyo baada ya mvua ya milimita 5. Majani yalikuwa yamejikunja, naye akisisitiza kwamba ardhi imelowa. Tulichimba kando ya shina: upana wa vidole viwili vya juu ulikuwa na unyevu, chini yake udongo ulimwagika mkononi kama unga. Mvua ile ilikuwa maji ya siku moja, hata haikutosha siku nzima. Chimba kwanza ndipo ufunge valvu.

Nyingine ni chujio la maji yanayoingia kwenye mfumo. Watu wanaliondoa kwa sababu "linapunguza presha", kumbe limejaa uchafu na linaomba kusafishwa. Tuliwahi kukata laini ya matone iliyotumika bila chujio tukakuta ute wa kahawia umeziba tundu baada ya tundu. Laini zote zilitupwa. Gharama yake ilizidi mara nyingi bei ya chujio ambalo mwenye shamba alikuwa amelikwepa.

Bomba kuu nalo lina visa vyake. Mtu anasubiri hadi joto limeshapamba moto, anataka kufungiwa kwa haraka, kisha anatuomba tuweke bomba jembamba ili kubana matumizi. Tunakataa, na wengine wanaondoka wamekasirika. Ukipunguza kipenyo kwa nusu huku unataka maji yaleyale, presha inayopotea njiani huongezeka takriban mara 30. Mimea iliyo mwisho wa laini haitapata kitu, pampu itanguruma usiku kucha, na sisi ndio tutakaolaumiwa.

Kwa hiyo ukisikia utabiri mpya, usitupigie kuuliza kama kweli kutakuwa na ukame. Tuulize kama maji yako yanatosha kwa wiki mbili au tatu bila mvua, maana pengo la namna hiyo linaweza kutokea hata katika msimu ulio juu ya wastani. Na ukija, njoo na kipimo cha kiasi cha maji ya kisima chako kilichochukuliwa mwishoni mwa kiangazi. Kile cha wakati wa mvua kiache nyumbani, hatutakitumia.